Koili namba mbili

Toyota IST yetu ilianza kumisi, yaani silinda moja haichomi mafuta, tukipanda kilima cha Kimara. Ukikanyaga mafuta inasita, na ikiwa sailensa, inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta kwenye foleni, injini inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, huku taa ya injini ikiwakawaka. Gereji moja walichomeka mashine, ikasoma kodi ya hitilafu P0302, wakaniandikia koili zote nne, vile vifaa vinavyopeleka umeme wa cheche kwenye plagi, kimoja kila silinda. Sasa hiyo 2 ya mwisho ndiyo silinda yenyewe. Nne za nini? Nikairudisha nyumbani mdogomdogo, nikampigia mjomba, dereva mstaafu wa malori.

Alifika jioni na spana namba 10 mfukoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Fungua boneti, washa."

Akachomoa soketi ya waya ya koili ya kwanza, ile ya upande wa mnyororo wa taimingi. Injini ikayumba zaidi. Akairudisha, akachomoa ya pili: kimya, kama hajagusa kitu. Ya tatu na ya nne, injini ikalalamika tena. "Umemwona? Huyu wa pili analipwa bure." Koili yenyewe hakuing'oa kwenye plagi injini ikiwaka, umeme wa pale ni wa maelfu ya volti.

Jirani yetu fundi redio naye akaja na mita yake, apime. Mjomba akamwonyesha pini nne: hii ina saketi ya elektroniki ndani, mita haitakwambia la maana. Za zamani, za pini mbili, ndizo zinapimika hivyo.

Tukazima, tukabadilishana koili ya pili na ya tatu, plagi tukaziacha palepale. Kuwasha, ugonjwa umehamia silinda ya tatu. Basi plagi haina kosa.

Ile mbovu niliigeuzageuza mkononi. Raba yake ya chini ilikuwa imevimba, inateleza kwa oili, na ubavuni ina mstari mwembamba wa kijivu, njia ambayo cheche ilikuwa ikitorokea. Tukamulika tundu la plagi la pili: oili imetuama.

Kesho yake nilikwenda nayo kwenye maduka ya spea ya Gerezani kama sampo, nikalinganisha namba, 90919-02240, ndipo tukaongea bei. Lakini mjomba alinikatalia kuifunga. "Kwanza gasketi ya tapeti kava, huu mfuniko wa juu wa injini. Oili ikiendelea kushuka humo, na hii utaizika."

Gari ikalala uani kusubiri gasketi, mimi nikapanda daladala.