Kona ya shangazi na barabara pana za Mtwara

Shangazi yangu alikuwa anakaanga mihogo Chikongola, hapa hapa Mtwara mjini, pale kwenye kona vichochoro viwili vinapokutana, meza moja, jiko la mkaa na kibenchi cha watu watatu. Ikifika saa kumi na moja jioni mafuta yanalia, anayetoka sokoni anapita, anayewahi magharibi anapita, watoto wa madrasa wanapita, shikamoo mama, afu hao wameshakaa. Mwaka jana akahamia kwenye kiwanja chake huko viwanja vipya vya kupimwa, barabara pana kweli kweli, meza nilimbebea mwenyewe. Miezi miwili akafunga. Mihogo ile ile, pilipili ile ile, watu hakuna, maana kule kila mtu anapita juu ya bodaboda na bodaboda haisimami kwa ajili ya muhogo wa mia mbili.

Toka hapo ndo nikaanza kuuangalia mji wetu vizuri. Mtwara walichora Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kipindi cha ule mradi wao mkubwa wa kulima karanga, wakajenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea, wakapanga mji wa barabara pana kwa mategemeo makubwa, mradi ukafa 1951, reli ikaja kung'olewa, ila barabara zikabaki. Ndo maana Shangani unaweza kutembea dakika kumi hujasalimiana na mtu, nyumba ziko mbali na njia na kuna uzio katikati.

Sasa nenda Mikindani, hapo tu kama kilomita 10, njia nyembamba, baraza ziko mlangoni, mtu amekaa kwake anaongea na jirani wa upande wa pili bila kupaza sauti, na mtoto akipotea ameshaonwa na watu watano kabla mama yake hajajua.

Jina la machinga limetoka huku kusini kwetu, Lindi, na machinga yeyote atakwambia biashara inafuata miguu. Kwa hiyo nawaomba sana wanaopima viwanja, bakizeni vinjia vya kukatiza katikati ya nyumba, njia ndefu moja bila kona inaua genge, na genge likifa majirani wanakutana wapi? Msibani tu?

Shangazi amerudi Chikongola, kila jioni anakodi bajaji na beseni lake. Jana nimempitia, kibenchi kimejaa, mzee mmoja kakalia ndoo.