Yamunotri ukitokea Mbeya: hesabu siku ukianzia juu

Yamunotri, hekalu la Kihindu la Mama Yamuna, mungu wa mto Yamuna, liko kwenye milima ya Himalaya kaskazini mwa India, kama mita 3,290 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Mbeya anaweza kukipima kimo hicho kwa macho: mji wetu uko kama mita 1,700, na kilele cha Rungwe hakifiki 3,000. Mlangoni pa hekalu utakuwa umekipita kichwa cha Rungwe, siku chache tu baada ya kushuka kwenye ndege Delhi, mji ulio bondeni kabisa. Ndiyo maana tunasisitiza siku kuliko tiketi. Anza kuhesabu kule juu, kisha urudi nyuma mpaka stendi ya Mbeya.

Cha kwanza ni mlango wenyewe. Hufunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, sikukuu ya Kihindu inayoangukia kati ya Aprili na Mei kadiri ya mwandamo wa mwezi, na hufungwa siku ya Yama Dwitiya, mara tu baada ya Diwali. Siku hiyo ni ya kaka na dada, na Yamuna ni dada yake Yama, mungu wa mauti. Baada ya hapo sanamu ya Mama hushushwa kwa machela hadi kijiji cha Kharsali, na Mama hukaa huko majira yote ya baridi. Familia nyingi za kwetu husafiri Desemba shule zikifungwa, kisha hukuta njia ya juu imelala kwenye theluji. Kama Desemba ndiyo nafasi yako pekee, nenda Kharsali, ndiko Mama aliko. Wengine wachague mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mei na Juni watu hufurika. Julai na Agosti ni masika ya kule na milima humomonyoka: tarehe 5 Agosti 2025 mafuriko ya tope yalikifunika kijiji cha Dharali, kwenye barabara ya Gangotri, hekalu la mto Ganga lililo milima hiyohiyo. Aliyewahi kukwama Kitonga usiku kucha anajua barabara moja ya mlimani ikifungwa hakuna ya kuzungukia.

Sasa siku. Kutoka Delhi nenda Dehradun, ulale. Kesho yake pandisha kupitia Mussoorie hadi Barkot, kama mita 1,200, ulale tena. Siku ya tatu fika Janki Chatti, kama mita 2,650, kimo cha uwanda wa Kitulo. Lala hapo, usipande siku hiyohiyo. Wenye haraka hutoka Barkot usiku, hupanda na kushuka kwa siku moja. Kichwa kinapoanza kugonga na tumbo kuchafuka, hudhani ni chakula. Ni hewa nyepesi. Kunywa maji, pumzika, na dalili zikizidi shuka, usisubiri kesho. Mwenye presha, moyo au pumu aonane na daktari kabla ya kulipia chochote. Ongeza siku moja tupu kwa ajili ya barabara.

Kutoka Janki Chatti gari halipiti. Ni kama kilomita 6 za ngazi na mwinuko, saa tatu hivi kwa mtu wa kawaida. Mzee anaweza kukodi farasi, kubebwa na watu wanne kwenye machela, au kuketi kwenye kapu mgongoni mwa mbebaji mmoja. Lipia kwenye kaunta, uchukue risiti. Farasi na nyumbu wakipita, jibanze upande wa ukuta wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde. Hatari kubwa ya njia ile ni kusukumwa na mnyama aliyebeba mzigo. Mazoezi yake tunayo nyumbani: panda mlima Loleza kila Jumamosi kwa miezi miwili, na viatu hivyohivyo utakavyosafiri navyo.

Juu, kabla ya kuingia hekaluni, huabudiwa kwanza jiwe liitwalo Divya Shila. Karibu yake ni Surya Kund, chemchemi ya maji moto ambayo mahujaji huchemshia mchele na viazi vilivyofungwa kwenye kitambaa, na hicho ndicho prasad, chakula kilichobarikiwa. Maji yake yanakaribia nyuzi 88. Kwa kimo kile maji ya sufuriani nayo huchemka kwenye nyuzi 89 hivi, kwa hiyo chemchemi inafanya kazi ya jiko. Weka mchele konzi moja na ufunge kwa kulegeza, maana huvimba; furushi kubwa lililobanwa hutoka bichi katikati. Mchele wa Kyela uache nyumbani, kwa sababu mazao yana ukaguzi mkali viwanja vya ndege. Vifurushi vinauzwa palepale. Kwenye bwawa la maji moto la kuogea usikae muda mrefu, kizunguzungu huja haraka. Beba khanga ya kujistiri na soksi nzito za ziada: viatu huvuliwa, na sakafu ya mawe ni baridi kuliko asubuhi ya Makete.

Makaratasi: pasipoti yenye miezi sita na kurasa mbili tupu, viza, na usajili wa hija wa jimbo la Uttarakhand, ambao hukaguliwa njiani. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukipitia Addis Ababa au Nairobi, beba kadi ya homa ya manjano. Chanjo iwe imepita siku 10. Badilisha fedha Delhi na uombe noti ndogondogo.

Wengi huunganisha na Gangotri, na huo ndio utaratibu: Yamunotri kwanza, Gangotri baadaye. Huko gari hufika karibu kabisa na hekalu. Ukichota maji ya kuwaletea wazee nyumbani, tumia chupa ngumu. Chupa laini iliyofungwa kule juu hubonyea ukishuka bondeni, na kifuniko kikiachia, nguo zote zinalowa. Iweke kwenye mzigo wa kukabidhi, ndani ya mifuko miwili ya plastiki.