Jinsi nilivyowafundisha wanangu kuchuma, kuweka na kutumia fedha

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kwamba niwalipe watoto kwa kila kazi ya nyumbani, ili wajue kuwa fedha haiji bila jasho. Ushauri huo uliniudhi na unaniudhi hata leo. Nilipoujaribu, muda si mrefu binti yangu wa miaka 8, aliyezoea kuosha vyombo huku akiimba, akawa anauliza malipo kabla ya kugusa sahani, na mdogo wake wa miaka 5 akadai ujira wa kuvaa viatu vyake mwenyewe. Binti aliponiambia, “Mama, leo sitandiki kitanda, sina haja ya fedha,” niliufuta mpango wote palepale. Baadaye nilisoma jaribio la wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, lililochapishwa mwaka 1973: watoto wadogo waliopenda kuchora, walipoahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kwa hiari karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu.

Siku hizi kujihudumia na kusaidiana nyumbani hakulipwi. Hulipwa kazi ya ziada, ile ambayo ningemwita mtu mwingine aifanye kwa ujira, na hulipwa baada ya kukaguliwa. Posho ndogo hutoka siku ileile kila wiki, wala siikati kama adhabu, kwa sababu mtoto asiye na hakika ya kupata hawezi kupanga.

Fedha zao hukaa katika chupa tatu za plastiki zinazoonyesha ndani: ya kutumia, ya kuweka na ya kutoa. Wengi husifu kibubu kilichozibwa, lakini mtoto mdogo anahitaji kuiona akiba ikipanda. Yule mdogo alikataa katakata kubadilisha sarafu zake kumi za moja moja kwa sarafu moja ya kumi. Sikubishana naye, kwani mwanasaikolojia Jean Piaget alikwisha kuonyesha kwamba watoto wa umri huo hupima wingi kwa macho, na kwa kawaida hulivuka jambo hilo wakikaribia miaka 7. Tulicheza duka tu, tukilipia kitu kilekile mara kwa sarafu nyingi, mara kwa moja.

Jambo ninalojivunia zaidi ni riba ya nyumbani. Kila mwisho wa mwezi, kwa kila sarafu kumi kamili zilizomo katika chupa ya kuweka, mimi huongeza moja. Najua kwamba asilimia 10 kwa mwezi ni nyingi mno, lakini kwa mtoto mwaka ni mrefu sana, na riba ya kawaida ya benki asingeiona kabisa. Kuna kanuni ya kukadiria: gawanya 72 kwa asilimia ya riba, upate muda wa akiba kuwa maradufu. 72 kwa 10 ni 7 na ushei, yaani kwa kiwango hicho akiba huelekea kuwa maradufu baada ya miezi saba hivi, au zaidi sarafu zikiwa chache, kwa kuwa nahesabu kumi kamili tu, na huo ni muda ambao mtoto anaweza kuungoja. Sikumweleza binti hesabu hiyo. Nilimwachia chupa, naye akagundua mwenyewe kwamba sarafu 19 huzaa moja ilhali 20 huzaa mbili. Jioni ya mwisho wa mwezi mmoja alinijia na sarafu zake 19 mkononi, akaniomba kazi yoyote ya ziada itakayompa moja kabla sijahesabu. Aling’oa magugu hadi giza likaingia. Furaha niliyoipata siku hiyo siwezi kuificha.

Chupa ya kutumia ni yao kabisa. Wakinunua kitu kibovu kikavunjika, sikinunui tena, wala siwasimangi. Mtoto akitaka mkopo, tunauandika daftarini na anaurudisha pamoja na nyongeza, kwa kiwango kilekile ninachomlipa.

Anayetaka kuiga riba hii aweke kikomo mapema, maana ikiachwa itamshinda mzazi kulipa. Sisi tumekubaliana kwamba chupa ikifika sarafu 100, fedha zote zinahamia kwenye akaunti yake ya benki. Binti amekwisha kulalamika kwamba benki inalipa kidogo, na nimemruhusu aende akawaulize wenyewe sababu.