Kampala hadi Mbarara, bila haraka

Mnaopanga kushuka Mbarara wikiendi, tokeni Kampala saa 12 asubuhi, kabla foleni ya Busega haijakaza. Simameni kwanza Mpambire, kwa mafundi wa ngoma za Buganda. Ngozi ya ng'ombe huwambwa ingali na maji, ikikauka inajikaza yenyewe. Kayabwe, kwenye ikweta, picha mbili zatosha. Lukaya ni kula: kuku wa kuchoma na gonja (ndizi tamu za kuchoma).

Tonto ya kubeba garini ndiyo huwaponza wengi (dereva asionje). Pombe hii ya ndizi na mtama huendelea kuchacha ndani ya dumu. Ukikaza kifuniko, joto la buti litalivimbisha mpaka lipasuke, na harufu haitoki leo wala kesho. Jaza robo tatu, legeza kifuniko, lisimamishe wima. Siku ya tatu inaelekea siki.