Kukibadilishia mota kipakia makaa cha Lionel

Miongoni mwa vifaa ambavyo kampuni ya Lionel ya Marekani ilivitengeneza viende sambamba na treni zake za kuchezea, ninachokipenda zaidi ni kipakia makaa nambari 397, kilichouzwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1957. Makaa bandia humwagwa kwenye sinia, kisha mkanda wa mpira huyapandisha hadi yadondokee kwenye behewa, kwa kelele za kumtoa paka chumbani.

Wengi wanaokipata kikiwa kimekwama hukimbilia kununua mota mpya, na hapo sikubaliani nao. Mara nyingi ubovu ni grisi iliyoganda kwenye gia, kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu ya mota inayozunguka) zilizolika na komyuteta, yaani pete ya shaba inayoguswa na kaboni hizo, iliyojaa weusi. Vyote hivyo hutibika kwa spiriti, kitambaa na kaboni mpya. Ninayemkubalia abadilishe ni yule ambaye amecha yake, yaani sehemu inayozunguka yenye koili, imeungua na inatoa ile harufu ya vanishi iliyochomeka, kwa maana fundi wa kusuka koili ndogo kiasi hicho ni adimu.

Mota ya zamani haina sumaku ya kudumu, bali ina koili, za amecha na za sehemu iliyosimama, ambazo ncha zake za sumaku hubadilika pamoja kila umeme wa AC (unaobadili mwelekeo) unapogeuka, hivyo huzunguka upande uleule daima. Mota ndogo za kisasa zina sumaku ya kudumu na zinahitaji DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja; ukiiunganisha moja kwa moja na transfoma ya treni itatetemeka na kupata moto bila kuzunguka. Kwa hiyo katikati huwekwa daraja la dayodi nne (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) la kugeuza AC kuwa DC, ambalo hupunguza takriban volti 1.4, kwa kuwa umeme hupita kwenye dayodi mbili kwa wakati mmoja. Kabla ya kulehemu, jaribu kwanza: nyaya zikipishana, mkanda utarudi nyuma na makaa hayatapanda.

Kinachosumbua zaidi ni mwendo. Mota mpya huzunguka kasi mno, na mkanda ukienda mbio hurusha makaa sakafuni badala ya kuyaweka ndani ya behewa. Mimi huchagua mota ya volti 24 na kuilisha volti pungufu, ili ijizungushe polepole. Huifunga kwa kibati kinachotumia matundu ya skrubu yaliyopo, bila kutoboa bodi, na mota ya zamani huihifadhi pamoja na skrubu zake, maana mnunuzi wa kesho huenda akazitaka kelele zile.