Michemraba ya Paladiamu

Mwaka wa 2015 mali yangu ya thamani kuliko zote ilikuwa kichupa chenye gramu moja ya chumvi ya paladiamu, metali adimu. Kilikaa kwenye kabati la maabara, ufunguo wake nikiuvaa shingoni, na kila nilipopima miligramu zangu chache nilizuia pumzi nisije nikapeperusha punje.

Paladiamu niliijua kabla sijaijua kemia. Baba ni fundi wa magari Kirinyaga Road, mahali ambapo watu wa rika lake mpaka leo hupaita Grogan. Magari yaliyotumika Japani humfikia yakiwa na katalitiki zake, lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi linalosafisha moshi wa injini, na katalitiki ikichoka Baba huikata kwa grinda. Ndani mna sega gumu la kauri lenye vitundu vidogo vidogo, limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu kwa kiasi kidogo mno. Wanunuzi huja na mizani yao. Siku moja, nikiwa kidato cha tatu, Baba aliniuliza swali lililonishinda kabisa: "Mama, kama hiyo metali ingali imo, na huyu mtu ananilipa kwa sababu imo, mbona katalitiki imekufa?"

Alikumbuka pia miaka ya petroli yenye risasi, kabla haijaondolewa 2006, ambapo katalitiki nzuri ingeharibika upesi. Hiyo niliweza kumweleza baadaye: risasi hutanda juu ya metali ikaifunika. Lakini hizi za siku hizi hazina risasi. Swali likabaki.

Nilipofika shahada ya uzamili, msimamizi wangu alinipa kazi ya kutengeneza chembe za paladiamu zenye umbo moja, michemraba ya nanomita kumi hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Paladiamu ni kichocheo, yaani huharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kuisha, na kichocheo hufanya kazi kwa uso wake, kwa hiyo atomu zilizofichika ndani hazigusi kitu. Chukua mchemraba wa sentimita moja, kama dadu la ludo: uso wake wote ni sentimita sita za mraba. Ukate uwe vichemraba vya nanomita kumi na uso huo unakuwa mita 600 za mraba, zaidi ya ploti ya hamsini kwa mia. Metali ni ile ile, hakuna kilichoongezwa.

Ila ukubwa ni nusu tu ya habari. Uso wenyewe una mpangilio, na mimi hapo ndipo moyo wangu ulipokamatwa. Kwenye mchemraba wa paladiamu, atomu za usoni zimejipanga kama mayai kwenye trei, kila moja na majirani wanne. Chembe ya umbo la oktahedroni ina nyuso nane za pembetatu, na huko atomu zimebanana kama machungwa kwenye beseni, kila moja ikizungukwa na sita. Molekuli inayotua inakuta uwanja tofauti kabisa. Msimamizi wetu alipenda kutukumbusha chuma kinachotumika kutengenezea amonia, ambayo ndiyo chanzo cha mbolea nyingi tunazonunua kwa magunia. Vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1982 vilionyesha kwamba uso wa chuma uliopangika kwa njia moja ulikuwa na kasi mara 418 kuliko ule uliobanana zaidi. Chuma kile kile! Niliisoma namba hiyo nikairudia kwa sauti ndani ya matatu, na abiria wa pembeni akanigeukia.

Kutengeneza michemraba kulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Maji yaliyokenekwa, nyuzi 80, polima iitwayo PVP ya kuzuia chembe zisishikane, vitamini C ya kugeuza chumvi ya paladiamu iwe metali, na bromidi ya potasiamu. Bromidi ndiyo fundi wa umbo. Hung'ang'ania zile nyuso za trei ya mayai, atomu mpya zikapata shida kutua hapo zikaenda kwingine, na mwishowe nyuso hizo ndizo zinazobaki. Nilidunga chumvi yangu, mchanganyiko ukageuka kahawia na kisha mweusi kama kahawa ya tangawizi. Baada ya saa tatu nilizima. Hatukuwa na hadubini ya elektroni, kwa hiyo tone moja lilisafiri hadi Afrika Kusini kwa rafiki wa msimamizi. Picha zilirudi kwa barua pepe: michemraba, pembe kali, mmoja baada ya mwingine.

Ijumaa hiyo nikaijaribu. Kipimo ni rahisi: nitrofenoli ikichanganywa na sodiamu borohidridi hutoa rangi ya manjano kali, na inaweza kukaa hivyo siku nzima. Ukitia kichocheo kinachofanya kazi, manjano inafifia hadi maji yanakuwa meupe. Nilitia michemraba yangu. Dakika tano, manjano. Dakika ishirini, manjano. Mstari wa spektrofotomita, mashine ya kupima rangi kwa mwanga, pale nanomita 400 ulikuwa umelala tu.

Mzee wa maabara alikuwa anapanga chupa nyuma yangu.

"Binti yangu, umeziosha mara ngapi?"

"Mara moja, Mzee. Asetoni imebaki kidogo."

Akatikisa kichwa. "Basi umewavalisha makoti halafu unashangaa hawalimi."

Nilimwelewa. PVP na bromidi iliyonipa umbo ndiyo iliyokuwa imekalia uso ule ule niliouhitaji. Lakini nilikuwa na haraka, na hapa ndipo nilipokosea. Niligawa sampuli nusu kwa nusu, nusu ya kwanza nikaikausha na kuiingiza kwenye tanuri nyuzi 350 usiku kucha, ili polima iungue na kumaliza mambo. Asubuhi nilikuta unga mweusi uliogandamana. Kwenye nitrofenoli ulizama chini ya kiseli, kile kichupa cha kupimia, na rangi ikapungua kwa kujikokota. Wiki mbili baadaye picha zikaja. Hapakuwa na mchemraba hata mmoja. Pembe zilikuwa zimeyeyukia mbali, chembe zimevimba kwa kumezana, nyingine zimeungana mbili mbili kama mapovu ya sabuni. Nililia, nasema kweli. Nusu ya kazi ya miezi ilikuwa imeteketezwa kwa mkono wangu.

Nusu iliyobaki niliiosha kwa adabu. Asetoni ya kuziangusha, sentrifuji ya kuzizungusha kwa kasi zitue chini, maji na ethanoli, kutikisa, sentrifuji tena. Mara nane, siku mbili nzima. Mzee ndiye aliyeniazima asetoni kutoka maabara ya jirani, wala hakusema neno. Nilipotia matone matatu kwenye ile manjano, mwanzoni hakuna kilichotokea, na mikono yangu ikawa baridi. Kisha vipovu vya hidrojeni vikaanza kupanda, vidogo kama vya soda, na manjano ikaanza kulegea kutoka rangi ya embe bivu, ikawa ya chai ya ndimu, ikawa kivuli tu. Dakika saba. Niliinua kiseli dirishani nikaona Mto Nairobi na miti ya ng'ambo kupitia kwenye maji meupe. Mzee alisimama kando yangu mpaka mwisho, kitambaa begani.

Jumamosi nilishuka Kirinyaga Road na kompyuta mkobani. Baba alijifuta mafuta, tukakaa juu ya tairi. Nikamwonyesha picha ya kwanza, ya michemraba, kisha ile ya baada ya tanuri. Nikamwambia moshi wa injini ni moto kuliko tanuri langu, na katalitiki hupigwa na moto huo miaka kumi.

Aliitazama ile picha ya pili kwa muda mrefu. Kisha akaingiza mkono kwenye ndoo, akatoa kipande cha sega kuukuu, akakigeuza kwenye jua.

"Zimeshikana," akasema.

"Zimeshikana, Baba."