Siku moja maishani mwangu: Novemba, fomu wani na misumari mitatu

Saa 11:15 alfajiri. Novemba huku milimani Same ukungu hauna adabu, ukifungua dirisha unaingia bila hodi. Nabandika chai, namwamsha binti, napanga mkoba: andalio la somo, kalamu nyekundu mbili, mwavuli. Vuli imeanza na barabara yetu ikilowa hata bodaboda anakataa, anakwambia, "Mwalimu, leo tembea tu."

Nafundisha Kemia na Biolojia katika shule ya kata. Juu ya hapo ni mwalimu wa taaluma. Kwa asiyejua, mwalimu wa taaluma ndiye anayelaumiwa ratiba ikigongana, chaki zikiisha, matokeo yakishuka. Yakipanda, pongezi ni za mkuu wa shule.

Saa 1:10. Njiani wananipita fomu wani na ndoo na fagio. "Shikamoo madam!" "Marahaba, kimbieni, mna zamu." Januari watoto hawa walikuwa wanajificha wakiniona. Sasa wananipita wakinong'ona na kucheka. Sijui wananicheka mimi au mwavuli.

Shule imetulia kama msiba. Fomu foo wako kwenye mtihani wa taifa, fomu tuu walimaliza wa kwao. Wasimamizi wametoka shule nyingine, na getini kuna askari. Kengele yetu, ambayo ni rimu ya gari, imefungwa gunia. Kiranja wa muda anazunguka madarasani akinyoosha vidole: kimoja kipindi cha kwanza, viwili cha pili. Paredi nayo tunaifanya kwa kunong'ona, na mwalimu wa zamu anayezoea kufoka leo anateseka kweli.

Vyumba vimechukuliwa na mtihani, kwa hiyo fomu wani A wako chini ya mparachichi na B wako bwaloni. Wao wanaanza mtihani wa mwisho wa mwaka Jumatatu. Kazi yangu leo, zaidi ya vipindi vyangu, ni kulinganisha jarida la darasa na madaftari. Jarida linasema walimu wamefundisha nini. Daftari ndilo linalosema mtoto amebaki na nini.

Saa 2:00. Kiswahili, bwaloni. Nimekaa nyuma kwenye benchi. Mada ni barua ya kirafiki, na mwalimu kawapa kazi nzuri: mwandikie mdogo wako au jirani aliyemaliza darasa la saba, umweleze sekondari kukoje. Nachungulia daftari la binti aliye karibu yangu. Anwani iko mahali pake, tarehe ipo, na chini kaandika: "Ukija njoo na jembe, ndoo na fagio. Halafu usiogope, wiki za kwanza hutaelewa kitu, hata sisi hatukuelewa. Ukiona mwalimu anacheka, nawe cheka." Nimelirudisha bila kusema neno. Huyu alama za muundo atapata zote.

Saa 3:00 kamili mlango wa bwalo unafunguka na watoto wawili wanakimbilia bustanini. Ni zamu yao ya kipimamvua. Mwalimu wa Jiografia aliwaambia usomaji wa mvua ni saa tatu asubuhi kila siku, na tangu Oktoba hawajakosa hata siku moja, pamoja na Jumapili, maana wawili wanakaa jirani na shule. Leo milimita 14. Mmoja anainama mpaka macho yawe usawa na maji, anasoma, anamsubiri mwenzake asome naye, ndipo wanaandika. Hali ya hewa na tabianchi zinawachanganya wengi kwenye karatasi. Hawa wawili, nadhani, hazitawachanganya tena.

Saa 3:20. Hisabati chini ya mparachichi, na hapa ndipo nilipochelewa kutoka. Mada ni mzingo na eneo, wamefika kwenye duara. Mwalimu kawapa kamba na rula: tafuteni vitu vya duara, pimeni mzingo, pimeni kipenyo, gawanyeni. Kikundi kimoja kimekwenda jikoni na kuchukua kifuniko cha sufuria la makande. Wakati huo makande yako motoni.

Mpishi ametoka na mwiko. "Nirudishieni kifuniko changu! Makande yasipofunikwa mtayala saa kumi!"

"Mama, dakika mbili tu, tunapima."

"Mnapima nini, hamjawahi kuona kifuniko?"

Wakapima mbiombio: mzingo sentimita 281, kipenyo 90. Wakagawanya, 3.12. Kikundi cha ndoo kimepata 3.2, cha gurudumu la toroli 3.15. Mwalimu akaandika zote ubaoni, ubao wenyewe umeegemezwa kwenye shina, akauliza: mbona kifuniko, ndoo na gurudumu, vitu visivyofanana hata kidogo, vinatoa namba zinazokaribiana? Kimya. Halafu mmoja: "Sir, kwa hiyo hata jua?" Hata jua, akajibiwa. Mpishi naye alikuwa amesimama pembeni na kifuniko mkononi anasikiliza, na mvuke wake unakwenda.

Saa 4:40 uji. Sina la kusema kuhusu uji, umeungua kidogo.

Saa 5:00. Kemia, vipindi viwili mfululizo, wangu. Maabara imefungwa kwa ajili ya mtihani wa vitendo wa fomu foo, kwa hiyo jaribio la kutu limekaa dirishani kwa stafu tangu Alhamisi iliyopita: neli tatu, kila moja na msumari mpya wa inchi mbili. Ya kwanza ina maji ya bomba na iko wazi. Ya pili ina maji yaliyochemshwa ili kutoa hewa, juu yake mafuta ya kula. Ya tatu haina maji, chini kuna kloridi ya kalisi ya kunyonya unyevu, pamba, na kizibo. Kitabu kinasema wa kwanza utapata kutu, wa pili na wa tatu hautapata, na mtoto ataona mwenyewe kwamba kutu inataka maji na hewa, vyote viwili.

Nikazipitisha kwenye mistari. Wa kwanza kutu tele, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Wa tatu unang'aa. Wa pili, na ndio niliokuwa nauogopa tangu asubuhi, una kutu. Si nyingi. Mstari mwembamba wa kahawia kuzunguka kichwa cha msumari na madoa matatu chini.

Ningeweza kusema "huo uhesabuni hauna kutu". Nimeshawahi kufanya hivyo miaka ya nyuma, sikatai. Leo nikauliza: kwa nini?

Mkono mmoja kutoka mstari wa nyuma, kijana ambaye mwaka mzima sijamsikia. Akaanza kwa Kiingereza, kama kanuni inavyotaka, akakwama kwenye neno la tatu. Wenzake wakaanza kucheka. Nikamwambia, "Eleza tu."

"Madam, maji tuliyachemsha, ndiyo. Lakini ulipoitwa ofisini tuliyaacha wazi, yakapoa. Yalipokuwa yanapoa yakachukua hewa tena. Mafuta tumekuja kuyamwaga hewa imeshaingia. Mafuta yamezuia ya nje, ya ndani tumeifungia."

Darasa lote likanigeukia mimi, maana aliyeitwa ofisini ni mimi.

Nikampa chaki aandike hayo ubaoni kwa Kiingereza, ndivyo atakavyoulizwa Jumatatu. Akaandika kwamba hewa "melt" ndani ya maji. Hapo ndipo alama zao zinapopotelea kila mwaka, na mtunga mtihani hajui. Kwetu chumvi inayeyuka kwenye maji, barafu inayeyuka juani, hewa nayo inayeyuka majini. Neno ni moja. Kiingereza kina "melt" na "dissolve", na mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba ya msingi anachukua lile alilolisikia kwanza. Tumetumia robo saa kwenye maneno hayo mawili tu. Barafu, sukari, mafuta ya nazi asubuhi ya baridi, mshumaa, Panadol ya kuyeyusha kwenye glasi: kila mmoja anataja kitu, wengine wanapiga kelele jibu la upande wake. Kwenye andalio langu hilo halimo. Nimeliandika pembeni kwa kalamu nyekundu.

Saa 6:20. Nimekaa bwaloni kusahihisha, lakini nasikiliza. Historia ya Tanzania na Maadili ni somo jipya kwao, limekuja na mtaala ulioanza fomu wani mwaka 2025, na linafundishwa kwa Kiswahili. Watoto wale wale walionywea mbele yangu saa nzima sasa wanagombania kusema. Mwalimu kauliza babu zetu waliendeshaje uchumi kabla ya ukoloni. Mvulana mmoja kataja Washana, ukoo wa wafua chuma, na majembe ya Upare yaliyouzwa mpaka Uchagani. Binti mmoja akasimama kueleza ndiva, bwawa la maji ya kumwagilia mashamba, hata hakusubiri kuchaguliwa.

"Maji ya mferejini yanaingia ndivani usiku kucha. Asubuhi wanafungua, mashamba yanapata kwa zamu. Kwetu zamu yetu ni Jumanne. Usipokwenda kuzibua tope na wenzako, zamu inakuruka."

"Nani anaamua?"

"Wazee wa ndiva. Siku hizi kuna kamati, ila bado wazee."

Mwalimu akauliza, hilo la kurukwa zamu ni uchumi au ni maadili? Nikaacha kusahihisha. Walibishana mpaka kiranja wa muda akaingia na vidole vyake. Mmoja aliona ni ukatili, je kama mtu alikuwa mgonjwa? Binti akasema mgonjwa anatuma mtu. Na asiye na mtu? Hapo akanyamaza, akakaa chini, akasema polepole atamuuliza babu.

Saa 7:00. Fizikia. Jarida la 1B linaonyesha presha, yaani kanieneo, imefundishwa vipindi sita, kila kimoja na sahihi. Nakusanya madaftari kumi. Yote yanaishia kwenye kanuni ya Archimedes, tarehe ya Septemba, mchoro wa jiwe ndani ya maji, halafu kurasa nyeupe. Septemba ndipo kijana wetu wa kujitolea alipoondoka. Alikuwa analipwa kwa michango ya wazazi, michango ikasuasua, naye ana nauli na ana tumbo. Sasa sahihi hizi ni za nani?

Nikamwita kiranja wa darasa, nyuma ya bwalo, peke yetu.

"Ni mimi, madam." Anaangalia viatu. "Nikiacha wazi, mwalimu wa zamu ananiuliza mimi kwa nini kipindi hakijafundishwa. Mara ya kwanza nilimwambia mwalimu hayupo. Akaniambia, ulikwenda kumtafuta?"

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nikamwambia arudi darasani, na kuanzia leo nafasi isiyofundishwa aandike "hakuna mwalimu", akiulizwa aseme madam wa taaluma kasema. Kisha nikaingia stafu, nikafungua mtihani wa Fizikia ambao tayari umechapwa, nikafuta maswali mawili ya presha kwa wino mweusi. Mwenzangu akasema nawaharibia watoto, fomu tuu watayakuta. Kweli watayakuta. Mwalimu wa Hisabati kakubali kuwafundisha presha jioni tatu kabla ya kufunga shule, baada ya mtihani, kwa sharti kwamba nimpunguzie zamu. Nimempunguzia. Zamu hizo nimezichukua mimi.

Saa 8:00 makande. Yameiva, pamoja na yote. Mpishi ananiambia, "Mwalimu, hiyo tatu nukta ngapi mliyosema, hata sufuria dogo la kwangu nyumbani inatoka hiyo hiyo?" Nikamwambia ajaribu na uzi.

Saa 8:40. Biashara, kipindi cha mwisho, wote wamesinzia isipokuwa mvua. Faida na hasara, kwa mfano wa tangawizi, maana Same nani hana tangawizi. Umevuna kilo 120, umeuza kilo shilingi 1,500. Mbegu 60,000, kibarua wa kuvuna 35,000, usafiri 20,000. Faida ni ngapi? Wakakokotoa: 65,000. Mwalimu akaandika vema ubaoni.

Yule binti wa barua: "Sir, tangawizi inakaa shambani miezi tisa. Mama amepalilia miezi yote tisa. Yeye mbona hayumo?"

"Mama ndiye mwenye shamba, faida ni yake."

"Kwa hiyo 65,000 ni faida au ni mshahara?"

Mwalimu akatazama ubao, akanitazama mimi, akasema swali zuri, tutaendelea kesho. Kesho ratiba haina Biashara.

Saa 10:30 nyumbani. Binti yangu anasoma, mimi nachapa ratiba mpya ya zamu kwenye simu kwa kidole kimoja. Kabla ya kulala nabandika sufuria dogo la maji kwenye jiko la mkaa. Nimerudi na neli moja na msumari mpya mfukoni. Maji yamechemka dakika kumi kwa saa ya ukutani. Nayamimina juu ya msumari yangali yanatokota, neli inaniunguza hata kupitia kitenge, na mafuta namwaga hapo hapo, hata kabla sijaweka sufuria chini.

"Mama, hiyo ni dawa?" binti anauliza.

"Ni msumari. Usiuguse mpaka Jumatano."